Mnyaa Mdogo wa Miamba ya Iringa

Ndugu msikilizaji, mazungumzo ya leo yanatoka kwenye mawe ya Iringa. Nataka tuzungumzie mmea mmoja mdogo, ambao mbuzi huuacha na msafiri mwenye haraka hauoni kabisa.

Wale mnaotoka Dar es Salaam kwa basi kuja Mbeya njia mnaijua. Mkishamaliza Ruaha Mbuyuni na mibuyu yake, gari linaanza kuupanda mlima Kitonga, na hapo macho ya abiria wote yanakuwa bondeni na kwenye malori yanayoshuka. Siku nyingine wewe tazama upande wa mlima. Utaona minyaa mikubwa ya porini imesimama juu ya mawe, matawi yote yameelekea juu. Hiyo kila mtu anaiona. Ndugu zake wadogo, katika miamba ya namna hiyo mkoani Iringa, wanaishi chini kabisa, ndani ya nyufa, mahali penye udongo usiojaza hata kiganja. Mmoja wa hao wadogo wataalamu wanauita Euphorbia greenwayi. Kwao ni Iringa, na porini haujulikani nje ya Tanzania.

Haufiki magotini. Ukiuinamia utaona shina lisilo na majani ya kuonekana, lenye pembe, mara nyingi nne, rangi yake kijani kilichochanganyika na samawati, na katikati ya pembe kuna mabaka hafifu yaliyotapakaa juu hadi chini. Ukingoni mwa kila pembe ipo miiba, imepangwa jozi jozi, na kila jozi imeketi juu ya kibamba kigumu. Maua ni madogo, yana wekundu, nayo hayana kikonyo kirefu. Yanachipua palepale ukingoni penye miiba. Ni mmea mzuri sana, na uzuri wake unataka mtu aliyechuchumaa.

Jina lile la pili, greenwayi, ni la heshima kwa Peter Greenway, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Amani, kule Usambara, kisha Nairobi. Wasomaji wa Kiswahili wana deni kwa mtu huyu, maana ndiye aliyekusanya kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili iliyochapishwa Dar es Salaam mwaka 1940, na mpaka leo wanaotafuta jina la mti au la dawa ya kienyeji wanaifungua. Waliouandika mmea huu katika vitabu vya sayansi, miaka ya 1970, ni Peter Bally, Mswisi aliyekuwa jumba la makumbusho la Nairobi, na Susan Carter wa bustani ya Kew, Uingereza. Carter ndiye aliyeshughulikia minyaa yote ya Kenya, Uganda na Tanzania katika ule mradi mkubwa wa kuandika mimea ya Afrika Mashariki, ulioanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012. Miaka sitini, msikilizaji, watu walikuwa wanahesabu mali yetu.

Sasa huyu ni jamaa ya nani? Ni wa ukoo mmoja na mnyaa wa uani, ule tunaozungushia boma, ukivunjwa unatoa maziwa meupe. Ukoo huohuo mkubwa unao muhogo, unao mnyonyo, unao na mpira. Hata ule ua wa miiba wenye maua mekundu unaopandwa mbele ya nyumba nyingi hapa Mbeya mjini ni ndugu yake wa karibu, asili yake Madagaska. Wengi huuona mnyaa mdogo wakadhani ni mpungate. Mpungate ni kakati, asili yake Amerika, umeletwa huku na watu. Njia nyepesi ya kuitofautisha ni utomvu: mnyaa ukiuchoma na sindano hutoa maziwa, mpungate hutoa maji. Imefanana sura kwa sababu ukame umeifundisha jambo moja, kuacha majani na kuweka akiba ya maji kwenye shina. Hata kupumua kwa mnyaa huu ni kwa mahesabu. Matundu ya shina hufunguka usiku kukiwa na ubaridi, hewa inaingia na kuhifadhiwa, kisha mchana jua likiwa kali matundu yamefungwa na kazi ya kutengeneza chakula inaendelea ndani kwa ndani. Ndiyo maana hukua polepole. Anayetaka mmea wa kurefuka kwa wiki mbili atafute boga.

Siku hizi mimea ya namna hii imekuwa na wapenzi. Vijana wanaiita sakulenti, inauzwa mijini ndani ya vikopo, inapambwa dirishani na juu ya meza za ofisi. Nafurahi. Lakini mingi ya hiyo inayouzwa asili yake ni Afrika Kusini, Meksiko au Madagaska, na hii yetu ya Iringa inajulikana zaidi kwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani kuliko kwa mtu wa Ilula. Hapo ndipo hoja yangu ya leo ilipo. Mmea huu tunaweza kuutunza wenyewe, kuuzalisha wenyewe na kuuza wenyewe, bila kung'oa hata mmoja kutoka kwenye mwamba wake. Na sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunavyo vifaa vyake vyote, vingine tunavikanyaga.

Tuanze na hivyo tunavyokanyaga. Watunzaji wa sakulenti wa Ulaya wananunua kwa mfuko, tena kwa bei, mawe mepesi ya volkano yenye matundu. Ni yale tunayosugulia visigino. Milima yetu ya Rungwe na Ngozi ilipolipuka zamani iliyamwaga mawe hayo mpaka mbali, na ukipita kingo za barabara zilizochongwa kati ya Uyole na Tukuyu utaona tabaka lake limejitokeza katikati ya udongo mweusi. Chukua hayo, yapondeponde, yachekeche, uache vumbi, ubakize chembe za ukubwa wa punje ya mahindi au pungufu kidogo. Vipimo vyangu ni madebe mawili ya chembe hizo kwa debe moja la udongo wa majani yaliyooza, na mchanga mkubwa wa mtoni kidogo. Samadi mbichi usiweke. Huo udongo ukiumwagia maji yanapita mara moja, na kinachobaki ni unyevu uliojificha ndani ya vitundu vya mawe, ambao mizizi inaufuata taratibu.

Chungu nacho tunacho. Kina mama wa Kikisi kule Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, wamefinyanga vyungu vizazi na vizazi, na vinauzwa Matema, vinapandishwa Kyela mpaka huku kwetu. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi kinapumua, maji yanatoka pia kwenye kuta zake, na kwa mnyaa mdogo hilo ni jambo la uhai. Tatizo lake kimefinyangwa kwa kupikia, hakina tundu. Kiloweke usiku mzima, kigeuze, kisha utoboe matako yake kwa keekee taratibu au kwa msumari unaozungushwa kwa mkono, usigonge kwa nguvu kitapasuka. Chagua kidogo. Mmea mdogo ndani ya chungu kikubwa unazungukwa na udongo usio na mizizi, na udongo huo hukaa na maji siku nyingi hadi mizizi inaoza.

Maji, wasikilizaji, ndiyo yanayoua mimea hii majumbani. Watu wanaipenda, kila asubuhi wanaipa glasi. Sheria ni hii: mwagilia mpaka maji yatoke chini, mwaga yaliyobaki kwenye sahani, kisha usirudie mpaka udongo wote ukauke, wa juu na wa ndani. Kuna namna ya kujua bila kubahatisha. Chomeka kijiti cha mishikaki mpaka chini ya chungu, kiache dakika chache, ukichomoe. Kikitoka na rangi iliyokolea au chembe zimekiganda, bado. Kikitoka kikavu, mwagilia.

Hapa Mbeya tuna shida mbili ambazo mwamba wa Iringa hauzijui. Ya kwanza ni mvua. Kuanzia Novemba hadi Aprili mmea unakua, unataka maji, lakini hauwezi kustahimili mvua ya Mbeya inayonyesha siku nne mfululizo, seuze ya Tukuyu. Uweke barazani chini ya bati, upande unaopata jua la asubuhi, maji uupimie mwenyewe. Shida ya pili ni baridi. Mwezi wa sita na wa saba usiku nyuzijoto zinashuka chini ya 10, na huko Uporoto na Kitulo kuna jalidi kabisa. Mmea huu umetoka kwenye mawe yanayohifadhi joto la mchana. Ukikaa umelowa katika baridi hiyo, shina linaanza kulegea kutoka chini. Basi ifikapo Mei punguza maji, Juni na Julai acha kabisa au toa kidogo sana, na usiku uwe ndani, karibu na dirisha. Utasinyaa kidogo, pembe zake zitaonekana kali zaidi. Usiuonee huruma. Ukiwa mkavu baridi unaivumilia, na Septemba joto likirudi, utaanza kuunywesha pole pole nao utajaa tena.

Jua linataka busara. Mmea ukikosa mwanga kichwa chake kinakuwa chembamba, kinarefuka na kuinamia dirishani, na shina likishakonda hivyo halinenepi tena. Ukiutoa ghafla kutoka gizani na kuuweka juani saa saba mchana, unaungua, unapata kovu jeupe lisilofutika. Uzoeshe kwa wiki mbili tatu. Wadudu si wengi, wale wa kuangalia ni vidung'ata, wenye vumbi jeupe kama unga, ambao hujificha chini ya miiba na hata kwenye mizizi. Pamba yenye spiriti kwenye ncha ya kijiti inawamaliza, mmoja mmoja, na baada ya wiki unarudia kwa sababu mayai yanaanguliwa.

Sasa tufike kwenye kuzidisha, na hapa naomba usikivu wako. Mnyaa huu huzaa kwa mbegu, lakini kwa mtu wa nyumbani njia ya uhakika ni kukata. Subiri Septemba au Oktoba, joto limerudi. Vaa glavu na miwani. Nasema miwani kwa makusudi, maana maziwa ya minyaa yakiingia jichoni ni hatari, yanaweza kulifanya lisione kwa siku kadhaa au kuliumiza zaidi ya hapo. Likitokea, osha kwa maji mengi yanayotiririka, usisugue, nenda kituo cha afya. Watoto wasiwe karibu.

Chukua kisu kilichofutwa na spiriti. Tafuta mahali tawi linapoungana na shina mama, pana kiuno pembamba, ukate hapo kwa mkato mmoja. Maziwa yatabubujika pande zote mbili. Kipande kitie kwenye maji ya baridi mpaka kiache kutoa, na kidonda cha mama kinyunyizie maji, baadaye jivu la mkaa. Kisha, na wengi hapa wanakosa subira, kipande usikipande. Kilaze mahali pakavu penye kivuli, wiki moja mpaka mbili, hadi pale palipokatwa pafanye gamba gumu la rangi ya mfupa. Kipande kibichi kikiingia udongoni kinaoza. Gamba likishakuwa gumu, kisimamishe juu ya chembe kavu za mawe yale mepesi, kikishikiliwa na vijiti viwili, bila maji. Baada ya wiki kadhaa kiguse kidogo: kikishika chini, mizizi imetoka, na hapo ndipo maji ya kwanza yanatolewa, kijiko kwa kijiko.

Mmea mmoja wenye matawi mengi unaweza kutoa miche ya kutosha nyumba nyingi, na wenyewe ukachipua upya kwenye makovu. Hiyo ndiyo sababu sioni udhuru wowote wa kwenda na jembe mlimani.

Na watu wanakwenda. Si hapa tu. Afrika Kusini, katika nyanda kavu za Namaqualand, kuna mimea midogo kabisa ya jamii ya Conophytum, mingine haizidi kifungo cha shati. Tangu mwaka 2019 imeng'olewa kwa magunia kwa ajili ya wanunuzi wa ng'ambo wanaoagiza kwenye mtandao, na sakulenti zilizokamatwa huko na vyombo vya dola, hizi zikiwemo, zimezidi milioni moja. Baadhi ya aina zilikuwa na kilima kimoja tu duniani. Kilima kikishasafishwa, mmea huo porini umekwisha.

Sisi wa kusini tunalijua jambo hili kwa karibu. Viazi vya okidi vya Kitulo na Uporoto vilichimbwa miaka mingi, vikavushwa kwenda Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda, mpaka maeneo mengine yakabaki nyasi tupu. Mwaka 2005 Kitulo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na kilichoipa hadhi hiyo ni maua yake. Mmea wa kuishi katika nyufa chache za mawe hauna eneo la kulindiwa la kilomita za mraba mia nne kama Kitulo. Moto kichaa ukipita mwezi wa tisa, au mawe yakipasuliwa kwa kokoto, au mkusanyaji mmoja akapita na gunia, hasara yake haihesabiki kirahisi. Kule Kihansi, katika milima ya Udzungwa, kulikuwa na chura mdogo aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya korongo moja tu. Alijulikana mwaka 1996, bwawa la umeme likaanza kazi mwaka 2000, na mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Alipona kwa sababu baadhi yao walikuwa wamepelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani, wakazaa huko, wakarudishwa kuanzia mwaka 2012. Nani amehifadhi miche ya mnyaa wetu karibu na Iringa, ili siku mwamba ukipasuliwa tuwe na cha kurudisha?

Upo na upande wa fedha, nao tuuseme wazi. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul, aliyekuwa mtawala kule Tanga, alipeleka kwao ua dogo la samawati alilolikuta Usambara. Mwaka uliofuata likapewa jina lake, Saintpaulia. Leo ua hilo linauzwa karibu kila nchi yenye duka la maua, lina vyama vya wapenzi wake, na mtu wa Amani na wa Muheza amebaki kusimuliwa tu. Mnyaa wa Iringa umeshatoka nje zamani, huko unazalishwa na kuuzwa. Lakini soko la hapa nyumbani bado halijashikwa na mtu.

Kwa hiyo nawageukia nyinyi kina mama na vijana mnaouza miche kando ya barabara, Uyole, Mafiati, Iringa Ipogolo na kwingineko. Parachichi mnauza, mikaratusi mnauza, maua ya uani mnauza. Tengeni meza moja ya minyaa midogo na mishubiri ya kwetu, iliyooteshwa kutoka kwenye mama mmoja aliyepatikana kwa halali. Ulizeni Wakala wa Huduma za Misitu kabla ya kugusa chochote kilichoko kwenye msitu wa hifadhi. Na kumbukeni, minyaa yote ya aina hii iko chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, hivyo anayetaka kuivusha mpaka, hata mche mmoja kwenye begi, lazima awe na kibali. Walimu wa sayansi, chungu kimoja chenye mmea huu darasani kinafundisha ukame kuliko ukurasa wa kitabu.

Nawe mnunuzi una kazi yako. Mche uliooteshwa ni safi, umenyooka, una umri mmoja na wenzake, na ukiutikisa unashika udongo. Uliong'olewa porini una makovu ya zamani, una kuvu kavu la mwambani chini ya shina, mizizi imekatika, na mara nyingi udongo wa kwenye chungu ni wa jana. Muulize muuzaji kwa heshima: dada, au kaka, huu umeuotesha mwenyewe? Akikwambia ameutoa mlimani, mshukuru, mrudishie, usinunue.